Titi limekatwa, mawazo yamebaki

Mwanamke wa Endabash akimaliza matibabu ya saratani ya matiti anarudi nyumbani na kadi yenye tarehe ya kliniki, bahasha ya vidonge vya tamoksifeni, kovu linaloanzia kwapani mpaka karibu na mfupa wa kifua, na mkono usiopanda juu ya bega. Majirani wanakuja na sukari na kuku. Pole mama, umepona, mshukuru Mungu. Anashukuru, na anashukuru kwa dhati. Usiku watoto wakishalala, mgongo ukimuuma kidogo, anajiuliza kama imerudi. Asubuhi hamwambii mtu, kwa sababu ameshaambiwa kwamba amepona.

Mengi yameandikwa juu ya hofu hiyo huko Ulaya na Marekani, na kwa miaka mingi imekuwa ikijibiwa kwa mazoezi ya utulivu: kukaa, kufuata pumzi inavyoingia na kutoka, kuliona wazo likija na kuliacha lipite bila kulikimbilia wala kupigana nalo. Je, mazoezi hayo yana nafasi Endabash? Naamini yanayo, lakini kwa sharti moja. Lazima yafike kupitia mtu. Mwanamke aliyepita kwenye kisu na dripu kisha akarudi kushika jembe, akiketi na mwenzake aliyetoka hospitali juzi, anampa kitu ambacho kipeperushi hakiwezi kumpa, na daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni hawezi pia. Mbinu ya kupumua ni sehemu ndogo tu ya anachompa.

Tuanze na njia ya kufikia matibabu. Endabash ni kata ya wilaya ya Karatu, kusini magharibi mwa mji, upande wa kuelekea bonde la Ziwa Eyasi. Wengi wa wakazi wake ni Wairaqw, wakulima wa mahindi, maharage na mbaazi, na wafugaji. Uvimbe kwenye titi unaweza kuonwa kwanza kwenye kituo cha afya, kisha mama akapelekwa Karatu mjini, kwenye Hospitali ya Kilutheri au ile ya FAME. Lakini saratani yenyewe hutibiwa mbali. Hospitali ya KCMC ya Moshi, yenye kituo cha saratani kilichofunguliwa mwishoni mwa 2016, iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Karatu. Kwa miaka mingi mionzi ilipatikana Dar es Salaam peke yake, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iliyoundwa 1996, na baadaye hospitali ya Bugando, Mwanza. Mama anayetakiwa kwenda kwa mionzi ya wiki kadhaa anaacha shamba, watoto na mifugo, anatafuta ndugu wa kufikia mjini, na mara nyingi ng'ombe mmoja anauzwa kabla hajaondoka. Anaporudi, pamoja na hofu ya ugonjwa, anabeba deni. Hata kikao cha utulivu wa namna gani hakitalifuta deni hilo, na asiyelitaja anapozungumza juu ya afya ya akili ya wanawake hawa anazungumza juu ya wanawake wengine.

Kuna jambo la pili linalotutofautisha na vitabu vya huko nje, nalo ni zito zaidi. Tathmini ya huduma za afya ya matiti iliyofanywa Tanzania na kutolewa 2017 ilikadiria kwamba karibu asilimia 80 ya wanawake hugundulika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Utafiti mkubwa wa ABC-DO, uliowafuatilia wagonjwa wa saratani ya matiti katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, ulikuta 2020 kwamba karibu nusu tu ya wanawake walikuwa hai miaka mitatu baada ya kugundulika. Marekani karibu tisa kati ya kumi hufika miaka mitano. Kwa hiyo mwalimu wa utulivu wa huko anapomwambia mwanafunzi wake kwamba hofu ni wazo tu, kauli hiyo ina ukweli fulani kwake. Ukiihamishia Endabash kama ilivyo, unamdanganya mtu. Hofu ya mama huyu imejengwa juu ya kitu alichokiona: shangazi aliyekufa, jirani wa kitanda kule wodini ambaye simu yake haipatikani tena. Anachohitaji ni namna ya kuishi na hofu yenye msingi bila kuiachia imeze siku yote, na kujua dalili ipi ya kukimbilia kliniki na ipi ya kuiacha ipite. Kumfundisha mtu kutenganisha vitu hivyo viwili ni kazi kubwa kuliko kumfundisha kufumba macho.

Mazoezi haya yalivyoanza kutumika hospitalini ni habari fupi. Mwaka 1979, kwenye chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Jon Kabat-Zinn alichukua tafakuri ya Kibudha, akaitenga na dini, akaipanga kuwa mafunzo ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Baadaye wauguzi na watafiti waliipeleka kwa wanawake wenye saratani ya matiti. Cecile Lengacher wa Florida aliwafundisha kwa wiki sita. Jaribio lake la wanawake 322 lililochapishwa 2016 lilionyesha nafuu kwenye wasiwasi, uchovu na hofu ya ugonjwa kurudi. Mapitio ya Cochrane ya 2019 yalikusanya majaribio 14 ya namna hii na kufikia hitimisho la kiasi: wasiwasi, sonona na usingizi huboreka kidogo kwa muda mfupi, na baada ya miaka miwili tofauti inakuwa ndogo au haionekani. Mwaka 2023 vyama vya madaktari wa saratani vya Marekani viliyaweka mazoezi hayo kwenye mwongozo wao wa kutibu wasiwasi na sonona kwa wagonjwa wa saratani. Mimi nasoma haya yote hivi: ni msaada wa kweli, ni msaada mdogo, na haudumu wenyewe bila kitu cha kuushikilia.

Kitu hicho kilionekana wazi zaidi kwa wanawake wa Marekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Wengi wao ni wahamiaji wanaozungumza Kihispania, wafanyakazi wa mashambani, wa kusafisha majumba na wa viwandani, wengine hawana bima, wengine hawana hati za kuishi nchini humo. Hospitali ziliwapa huduma kwa Kiingereza na vipeperushi. Watafiti wa San Francisco wakiongozwa na Anna Nápoles, wakishirikiana na mashirika ya jamii, walibuni mpango uitwao Nuevo Amanecer. Badala ya mwanasaikolojia waliwaandaa wanawake waliokwishapona saratani ya matiti, wakawaita compañeras, yaani wenzi wa safari. Mwenzi huyo alikwenda nyumbani kwa mgonjwa mara moja kwa wiki kwa wiki nane. Walizungumza Kihispania. Walijifunza kupumua na kulegeza mwili, ndiyo, lakini pia namna ya kumwuliza daktari swali, ya kumwambia mume kwamba leo siwezi, ya kulinasa wazo baya na kulihoji. Jaribio la wanawake 151 lililochapishwa 2015 lilikuta dalili za sonona na mahangaiko juu ya ugonjwa yamepungua kwa waliotembelewa kuliko kwa wanaosubiri. Baadaye mpango ulipelekwa maeneo ya mashambani ya California, ambako umbali na vumbi na msimu wa mavuno vinafanana na vya kwetu kuliko mtu wa Dar es Salaam anavyoweza kudhani.

Nimekaa sana kwenye mfano huo kwa sababu karibu kila kipengele chake kina mwenzake Karatu. Lugha, kwa mfano. Mama wa makamo wa Endabash anafahamu Kiswahili cha sokoni na cha kanisani vizuri, lakini anapotaka kusema kinachomkaba kooni anakisema kwa Kiiraqw. Ushauri nasaha wa hospitali ya rufaa hutolewa kwa Kiswahili, wakati mwingine Kiswahili chenye maneno ya kitabibu, na mara nyingine kijana wa familia ndiye anayetafsiri. Mtoto wa kiume wa miaka ishirini anawezaje kumtafsiria mama yake habari za titi, za hedhi iliyokatika, za kitanda cha ndoa? Mama atasema hana shida. Daktari ataandika hana shida. Akija mwanamke mwenzake anayezungumza lugha yake, mazungumzo yanaanza upya.

Halafu kuna mkono. Watu wa mjini wakizungumza juu ya hisia baada ya saratani huanza na moyo. Huku mara nyingi huanza na mkono, kwa sababu mkono ndio maji, kuni, jembe na mtoto wa mgongoni. Tezi za kwapani zikiondolewa, mkono unaweza kuvimba, mara baada ya miezi, mara baada ya miaka. Wanawake wengi wanaambiwa wasiutumie kabisa, wanatii, bega linakakamaa, na mama anajiona amekuwa mzigo nyumbani kwake. Utafiti wa Kathryn Schmitz, uliochapishwa Marekani 2009, ulionyesha kwamba kuinua uzito taratibu na kwa mpangilio hakuongezi uvimbe. Zoezi lenyewe halihitaji chombo. Mama anasimama akiutazama ukuta wa nyumba, anaweka vidole vya mkono ule na kuvipandisha ukutani polepole mpaka pale panapovuta bila kuchoma. Anasimama hapo, anavuta pumzi taratibu, anaitoa, kisha anachora alama kwa mkaa. Kesho anaanza tena. Baada ya wiki kadhaa alama zimepanda, na yeye, watoto na mume wanaziona. Nitasema wazi kwamba kwa maoni yangu hili ndilo zoezi la utulivu linalofaa zaidi kuanzia Endabash: mwili, pumzi na macho vyote viko kwenye jambo moja, kwa dakika chache, na lina matokeo yanayokwenda kisimani. Akishalizoea, kukaa kimya na kufuata pumzi hakutaonekana kama kitu cha wazungu.

Kuhusu ndoa nitasema machache, kwa kuwa ni jambo la ndani. Wagonjwa wa Afrika ni vijana kuliko wa Ulaya; wastani wa umri ni karibu miaka 50, na wengi bado wana watoto wadogo. Dawa za dripu zinaweza kukata hedhi ghafla. Tamoksifeni, ambayo hunywewa miaka mitano au hata kumi, huleta joto la ghafla usiku, jasho na kukosa usingizi. Mume asiyeambiwa haya anadhani mke amemkataa. Mke asiyeambiwa anadhani ugonjwa umerudi au amerogwa. Maelezo ya nusu saa kwa wote wawili, yakitolewa na mtu wanayemheshimu, yanaondoa usiku mwingi wa kulia. Na mama apewe namna ya kujaza sidiria: hata kifuko cha kitambaa laini kilichoshonwa vizuri kinamrudisha kwenye kwaya, na kwaya inamrudisha kwa watu.

Nafika kwenye dini, ambako wanawake hawa kwanza hukimbilia, na kwa haki. Jumuiya ndogo ndogo, WAWATA ya wanawake Wakatoliki iliyopo tangu 1972, umoja wa wanawake wa Kilutheri, vikundi vya maombi: hivi ndivyo vilivyochanga nauli ya Moshi, vikapalilia shamba mama alipokuwa wodini. Sala yenyewe, ikisemwa polepole na kurudiwa, rozari au zaburi, hutuliza pumzi kama zoezi lolote la Massachusetts. Lakini kuna sauti nyingine pia, ile inayosema ungekuwa na imani usingeogopa, au inayomwambia aache vidonge kwa kuwa ameshaombewa. Mwaka 2011 wilaya jirani ya Ngorongoro iliona nguvu ya tumaini hilo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kijijini Samunge, na magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi; wenye saratani, kisukari na virusi vya UKIMWI walikwenda, na wapo walioacha dawa zao. Sioni vema kuwadharau waliokwenda. Walikuwa na ugonjwa mrefu, na hapakuwa na mtu mwingine aliyewaambia njoo, nakusubiri. Huduma ya afya ikishamaliza upasuaji na kumwachia mama kadi peke yake, inaacha nafasi wazi, na nafasi wazi hujazwa.

Wairaqw wenyewe wana hazina yao. Mikutano na baraka zao hufungwa kwa slufay, maombi ya kishairi ambayo mmoja huyaongoza na wote huitikia, mstari kwa mstari, kuombea mvua, mifugo, watu na amani ya nchi. Wataalamu wa lugha Rose Marie Beck na Maarten Mous wameandika juu yake, na aliyewahi kusimama kwenye duara hilo anajua namna pumzi za watu wengi zinavyokuwa moja. Kwa kawaida wanaoongoza ni wazee wa kiume, kwa hiyo sipendekezi mtu aichukue na kuigeuza tiba ya kliniki. Hiyo itakuwa kukosa adabu. Ninachosema ni kwamba hapa mtu hafundishwi kutulia peke yake chumbani. Utulivu hupatikana kwa kuitikiana. Na wanawake wa Kiiraqw nao wana desturi yao ya kukusanyika na kutoka kwa pamoja nchi inapopata balaa, jambo ambalo mwanaanthropolojia Katherine Snyder aliliandika kwa makini. Kikundi cha wanawake sita wenye kovu moja, wanaokutana chini ya mti baada ya kikao cha VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, hakitakuwa kitu kigeni katika nchi hii.

Kwamba watu wasio wataalamu wanaweza kazi hii, Afrika imeshathibitisha kuliko mahali pengine. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, watu wa kawaida waliofunzwa kwa wiki mbili waliongoza vikundi vya watu wenye sonona kwa wiki 16. Mwishoni asilimia 6.5 tu ya waliokuwa vikundini bado walikuwa na sonona, dhidi ya asilimia 54.7 ya wasiokuwamo. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza 2006 kuwaketisha bibi wa mitaani kwenye mabenchi nje ya zahanati, wawasikilize wenye mawazo mengi na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja. Jaribio la Harare lilichapishwa 2016 na kuonyesha nafuu kubwa, na mpango huo wa mabenchi umefika mpaka Zanzibar. Nairobi, Faraja Cancer Support Trust huwapa wagonjwa wa saratani ushauri na tiba za kutuliza mwili bila malipo tangu 2010. Hakuna hata moja ya huduma hizi iliyoanzia kwenye kimya. Zote zilianzia kwenye mazungumzo, na mazoezi ya mwili na pumzi yakapata pa kukaa.

Yapo mambo ambayo utulivu usipewe kamwe kuyabeba. Maumivu ya saratani iliyoenea yanahitaji mofini, dawa ya kunywa ambayo huduma za tiba shufaa kama ile ya Selian, Arusha, zimeijua kwa miaka mingi. Kumwambia mtu apumue taratibu wakati mfupa unamwaka ni ukatili, hata kama aliyesema ana nia njema. Uvimbe mpya kwenye kovu au shingoni, kikohozi kisichokoma, maumivu ya mfupa yanayozidi usiku, manjano ya macho: haya ni ya kliniki, wiki hiyo hiyo. Na mama asiyekula, asiyelala, anayesema heri angekufa, anahitaji muuguzi au daktari wa akili na pengine vidonge. Mwenzi wa kumtembelea lazima ajue mipaka hii kabla ya kujua zoezi lolote.

Nani alipe? Bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, iliyotozwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, haikuundwa kwa kumlipia mama mazungumzo. Lakini Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa, wenye mafunzo ya miezi sita na posho. Watakuwa wanapita nyumba kwa nyumba hata hivyo. Halmashauri ya Karatu ikiwatafuta wanawake wachache waliomaliza matibabu, ikawaunganisha na wahudumu hao, ikawapa nauli ya bodaboda, vocha ya simu na namba ya muuguzi mmoja wa KCMC anayepokea, gharama yake haitakuwa kubwa. Posho iwepo, tena iandikwe kwenye bajeti. Tumezoea mno kuwaomba wanawake maskini wafanye kazi za huruma bure.

Na wasipangwe mmoja mmoja. Tumeona takwimu za miaka mitatu. Baadhi ya hawa watakaowatembelea wenzao wataugua tena, na mgonjwa aliyemzoea mwenzi wake akimzika kabla ya mwaka kwisha, hofu yote itarudi ikiwa kubwa zaidi. Wapangwe wawili wawili kwa kila mgonjwa, na kila mwenzi naye awe kwenye orodha ya mtu mwingine, siku yake ya kutembelewa ikiwa imeandikwa.